Haki ya Elimu Isiyo na Masale

Kilimanjaro hujivunia elimu, na Kilema ina sababu ya kujivunia zaidi: misheni yake, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, ni miongoni mwa kongwe kabisa mlimani. Kwa miongo mingi kahawa ndiyo iliyolipa ada. Bei ya kahawa ilipoyumba, mzazi alibaki na swali: mwanangu anasoma kwa haki, au kwa hisani?

Swali hilo linastahili jibu la kisheria. Ibara ya 11 ya Katiba ya mwaka 1977 inatambua haki ya kila mtu kujielimisha. Hata hivyo, ibara hiyo imo katika Sehemu ya Pili, na Ibara ya 7(2) inazizuia mahakama kusimamia utekelezaji wa masharti ya sehemu hiyo. Wakati huohuo, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 zinambana mzazi: asipomsomesha mtoto, anaweza kushtakiwa. Hivyo mkulima wa Kilema aweza kufikishwa mahakamani kwa ajili ya elimu ya mwanawe, ilhali yeye hawezi kuishika Ibara ya 11 na kuifikisha Serikali huko.

Nitaambiwa kwamba ada imefutwa. Ni kweli, na ni jambo la kupongezwa. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliifuta hadi kidato cha nne. Waraka wa mwaka 2021 ukawafungulia mlango wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito. Lakini waraka si sheria ya Bunge. Kalamu iliyouandika yaweza kuufuta. Tumekwisha kuyaona haya: ada ya shule ya msingi iliondolewa miaka ya 1970, ikarejea miaka ya 1980 uchumi ulipodorora, ikaondolewa tena wakati wa MMEM.

Wapo wanaohofia kwamba haki inayodaiwa mahakamani itaielemea Hazina. Hoja hiyo si nyepesi. Lakini shuka kutoka Kilema hadi Himo, uvuke mpaka Holili uingie Taveta: huko, Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtoto elimu ya msingi ya lazima na isiyo na malipo. Shule za Kenya zina matatizo yake, ila mzazi wa huko ana pa kushtakia.

Napendekeza mambo mawili. Mosi, Bunge liingize ufutaji wa ada na haki ya kurejea shuleni ndani ya Sheria ya Elimu yenyewe. Pili, mjadala wa Katiba mpya uihamishie haki ya elimu katika Sehemu ya Tatu, zilipo haki za msingi.

Wachaga hawaachi mpaka wa kihamba utegemee maneno matupu. Hupanda masale, ili hata waliokubaliana wakiondoka, mpaka ubaki. Elimu ya watoto wetu nayo yahitaji masale yake.