Glavu na buti za rubani si mapambo

Ndege ndogo ikianguka na moto ukazuka, rubani huwa na sekunde chache tu za kufungua mkanda, kusukuma mlango na kukimbia. Kazi hiyo yote ni ya mikono na miguu. Kwa hiyo anayerusha abiria kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwenda Maasai Mara, au kutoka Arusha kwenda Serengeti, hapaswi kuvaa tu chochote kilichopo.

Nailoni huyeyuka kabla ya kufika nyuzi joto 270 za Selsiasi, ikagandia ngozi. Nomex, kitambaa kinachostahimili moto, haiyeyuki, bali hugeuka kaa kwenye nyuzi 370 hivi. Glavu bora ni za Nomex zenye kiganja cha ngozi laini, zinazofunika pindo la mkono wa nguo, na zinazobana kiasi cha kumwezesha rubani kuzungusha kitufe cha redio bila kuzivua. Buti ziwe za ngozi, zipite kifundo cha mguu, na soli isiteleze kwenye mafuta wala isiwe nene hadi asihisi pedali.

Tunazitaka kampuni za ndege zigharamie vifaa hivi, na mamlaka za usafiri wa anga zivikague. Rubani asiachiwe mzigo huu peke yake.