Jina la Chuo Halitamtetea Mtu wa Bwaise

Kuna imani iliyoota mizizi Kampala, na kwa kuwa inawagharimu watu ardhi yao, nasema wazi kwamba ni imani ya uongo. Inadai kuwa kijana wa sheria akipata ofa mbili za shahada ya uzamili, moja ya Afrika na nyingine ya Uingereza au Marekani, hana haja ya kufikiri: apande ndege. Na kama zote mbili ni za ng'ambo, basi afungue orodha ya vyuo bora duniani, atazame kilicho juu, akichague hicho. Anayehoji huambiwa ana wivu.

Tumchukue binti aliyekulia Bwaise, mtaa wa Kampala. Simsemi mtu fulani, maana wa namna yake ni wengi. Kutoka kwao hadi Chuo Kikuu cha Makerere ni safari fupi ya bodaboda, na huko ndiko alikosoma shahada ya kwanza. Akaenda Law Development Centre kwa mafunzo ya uwakili, akafaulu, akaandikishwa kuwa wakili. Amekua akiona mvua kubwa ikishuka na maji ya mtaro wa Nsooba yakipanda hadi vitandani, akina mama wakihamisha magodoro na watoto juu ya meza. Ameona pia watu wakiambiwa wahame bila kujua nani ana haki ya kuwahamisha. Hayo ndiyo yaliyompeleka kwenye sheria. Sasa ana ofa tatu mkononi: Makerere, Chuo Kikuu cha Western Cape kule Afrika Kusini, na chuo cha London chenye jina linalotajwa kwa heshima kwenye kila harusi. Ofa ya London haina ufadhili.

Ukoo mzima umeshaamua. Kikao kimefanyika, na mjomba ametamka kuwa kibanja cha bibi kiuzwe.

Hesabu yenyewe ni hii. Ada ya LLM, yaani shahada ya uzamili ya sheria, kwa mwanafunzi wa kigeni katika vyuo vikubwa vya London sasa inapita pauni 30,000. Kwa shilingi za Uganda ni zaidi ya milioni 140, na hapo hajalala wala hajala. Anayeomba viza ya kusoma London hutakiwa kuonyesha kwamba ana fedha za kujikimu kwa miezi tisa, na tangu mwanzoni mwa 2025 kima hicho kimepita pauni 1,480 kwa kila mwezi. Kuna na ada ya huduma za afya, ambayo hulipwa kabla ya safari. Tena tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa darasani, kwa kawaida, haruhusiwi kwenda na mume wala mtoto. Fedha yote hiyo inanunua mwaka mmoja tu, na mwaka wenyewe ukitoa likizo na mitihani ni miezi michache ya kukaa mbele ya mwalimu.

Anarudi na nini? Wengi wanaochanga fedha kwenye vikao hivyo wanaamini LLM ya ng'ambo humpa mtu leseni kubwa zaidi. Haimpi. Uwakili wa Uganda hupatikana kwa kupita Law Development Centre na kuandikishwa, na binti huyu anao tayari. LLM ya London haimfanyi kuwa wakili wa Uingereza pia, kwa sababu huko kuna mitihani yake na kipindi chake cha kazi. Ndoto ya ujaji nayo haidai safari hiyo. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 143, inamtaka jaji wa Mahakama Kuu awe amefanya kazi ya uwakili kwa miaka isiyopungua kumi, au awe ameshakuwa jaji wa mahakama yenye mamlaka ya ngazi hiyo. Haitaji chuo chochote.

Sisemi imani hii ilizuka hewani. Kulikuwa na wakati ilikuwa kweli tupu. Kabla ya 1961, Mwafrika wa Uganda, Kenya au Tanganyika aliyetaka kusomea sheria hakuwa na kitivo hata kimoja cha sheria katika nchi hizi tatu. Benedicto Kiwanuka alikwenda London, akarudi wakili, akawa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, kisha Jaji Mkuu, mpaka wanajeshi wa Idi Amin walipomtoa ndani ya Mahakama Kuu mnamo Septemba 1972. Kizazi chake kilivuka bahari kwa sababu hakikuwa na njia nyingine.

Lakini Oktoba 1961 chuo kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, na kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria. Vijana wa Uganda wakaenda huko. Mmoja wao, Benjamin Odoki, alihitimu 1969, na ndiye aliyekuja kuongoza tume iliyokusanya maoni ya wananchi na kuandaa rasimu iliyozaa Katiba ya 1995, kabla hajawa Jaji Mkuu. Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya chini ya Katiba ya 2010, shahada zake mbili za kwanza za sheria, uzamili ukiwemo, alizipata Dar es Salaam. Udaktari ndio aliokwenda kuufanya Kanada. Zaidi ya miaka sitini imepita tangu mlango wa Lumumba ufunguliwe, na bado vikao vya ukoo vinaamua kana kwamba ni 1955.

Sasa tuingie kwenye sheria yenyewe, maana hapa ndipo hoja ya jina kubwa inapoanguka. Mwanafunzi wa hisabati akihama nchi, namba zake hazibadiliki. Sheria haiko hivyo: ile ya ardhi ya Bwaise ina mizizi katika Mkataba wa Buganda wa 1900, uliogawa ardhi kwa maili za mraba na kuwafanya wakulima wapangaji juu ya ardhi waliyokuwa wakiilima. Ikaja sheria ya busuulu na envujjo ya 1928, iliyoweka kikomo kwa kodi hizo za mwenye ardhi na kumlinda mwenye kibanja asifukuzwe ovyo. Ikaja Sheria ya Ardhi ya 1998, inayomtambua mtu aliyekaa juu ya ardhi kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 bila mwenye hati kumpinga. Juu ya hayo yote, Katiba hiyohiyo, ibara ya 237, inaikabidhi serikali ardhi oevu iitunze kwa niaba ya wananchi. Maji ya Bwaise hushukia kinamasi cha Lubigi, na mwaka 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilibomoa nyumba za watu Lubigi. Mwenye kibanja anayeishi pembezoni mwa kinamasi analindwa na sheria ipi, na inaishia wapi? Aliyejenga akiwa na hati iliyotolewa na ofisi ya serikali anadai kwa nani?

Hilo ni swali la tasnifu, na ni swali gumu. Nani London ataisoma rasimu yake na kumwambia kwamba ukurasa wa kumi na saba amekosea kuhusu busuulu? Huenda yupo mmoja, na huenda yuko likizo ya utafiti mwaka huo. Makerere wapo wanaoishi ndani ya swali hilo, na kliniki yake ya sheria ya maslahi ya umma inawaweka wanafunzi mbele ya watu wenye kesi. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kampala, katika shauri la Muhindo James na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, iliona kwamba kukosekana kwa utaratibu wa kutosha wa kuwaondoa watu kwenye makazi kunavunja haki zao, ikaitaka serikali iandae mwongozo. Anayetaka kuutumia uamuzi huo kesho mahakamani anahitaji mwalimu anayeufahamu neno kwa neno.

Na kama anataka kutoka nje ya Uganda, ambalo ni jambo jema kwa mwanasheria yeyote, basi aitazame ile ofa ya pili ambayo ukoo umeiruka bila kuisoma. Mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kesi ya Irene Grootboom. Yeye na majirani zake walikuwa wametoka Wallacedene, kitongoji cha mabanda nje ya Cape Town ambacho hukumu inakieleza kuwa sehemu yake imejaa maji na kiko karibu mno na barabara kuu. Mtu wa Bwaise, aliyezaliwa kati ya mtaro na barabara ya Bombo, akisoma maelezo hayo atadhani ni ya kwao. Mahakama ilisema serikali lazima iwe na mpango wenye mantiki kwa watu wasio na pa kujisitiri kabisa. Western Cape ni miongoni mwa vyuo vilivyochambua haki hizo za makazi, maji na afya kwa kina kuliko vingi, na Christopher Mbazira, aliyekuja kuijenga kliniki ile ya Makerere, alifanyia udaktari wake huko juu ya haki hizohizo. Kwenye orodha za dunia chuo hicho kiko chini sana ya kile cha London. Kwa swali la binti huyu kiko juu yake, na sioni hata haja ya kubishana.

Orodha zenyewe watu huzinukuu kama aya za msahafu bila kuuliza zinapima nini. Ile ya QS kwa somo la sheria, sehemu kubwa ya alama zake hutokana na maoni: wanataaluma na waajiri huulizwa wanavionaje vyuo. Chuo chenye sifa hupata alama kwa kuwa na sifa, na alama zikazidi kukipa sifa. Hakuna mahali inapopimwa kama msimamizi wa tasnifu hujibu barua, au kama maktaba ina ripoti za kesi za Afrika Mashariki.

Wapo wanaopaswa kwenda ng'ambo, na hao nawaombea safari njema. Uganda ilipogundua mafuta ya kibiashara mwaka 2006 ilijikuta inahitaji wanasheria wa kodi na mikataba ya petroli. Kampuni ya Heritage ilipouza vitalu vyake vya mafuta kwa kampuni ya Tullow mwaka 2010, ugomvi juu ya kodi ya mauzo hayo ulifika mpaka London. Anayetaka kusimama kwenye mashauri ya namna hiyo akasome wanakofundisha mambo hayo. Lakini hata hapo jina linaweza kumpotosha. Dundee, mji wa Scotland ambao mjomba hajawahi kuusikia, una kituo cha sheria ya nishati, petroli na madini kilichoanzishwa 1977. Kijana wa sheria ya mafuta aliyekataa ofa ya Dundee ili akasome LLM ya jumla kwenye chuo maarufu zaidi amenunua jina akaacha elimu. Mwenye ufadhili kamili kama ule wa Chevening wa serikali ya Uingereza naye asisite, almuradi somo liwe lake. Ufadhili huo unamtaka arudi nyumbani kwa miaka miwili, na sharti hilo naliunga mkono kwa moyo wote.

Kuna na Dar es Salaam tena. Tangu 2008 kituo cha sheria cha Watanzania na Wajerumani, kilichojengwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bayreuth, kimewasomesha LLM kwa ufadhili vijana kutoka nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakijikita katika sheria ya jumuiya hiyo. Hilo si jambo dogo kwa Mganda. Novemba 2005 watu wenye silaha waliizingira Mahakama Kuu ya Kampala kuzuia washtakiwa waliopewa dhamana wasitoke huru. Haki yao waliipata Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, katika kesi ya Katabazi, Novemba 2007. Ni mawakili wangapi wa Kampala wanaojua njia ya kufika Arusha? Bwaise inawahitaji hao.

Najua watakachonijibu: vyuo vyetu vina migomo, tasnifu hukwama miaka. Ni kweli, na inaumiza. Novemba 2016 Rais Museveni aliifunga Makerere, na wanafunzi wakakaa nyumbani mpaka mwaka mpya. Hiyo ni sababu ya kumuuliza msimamizi maswali makali kabla ya kulipa hata shilingi: amesimamia wangapi, wamemaliza kwa muda gani, atakuwepo mwaka ujao? Maswali hayohayo aulizwe wa London, na sijaona kikao cha ukoo kikiyauliza. Tena waliosoma kwenye majina hayo makubwa wapo tayari huku. Sylvia Tamale na Joe Oloka-Onyango wote walisoma Harvard, kisha wakafundisha Makerere kwa miaka mingi, na wanafunzi wao walikuwa wakipanda kwenda darasani kutoka Wandegeya, Kikoni na Bwaise.

Kwa binti mwenye ofa tatu, ushauri wangu ni huu. Aandike swali lake la utafiti kwenye nusu ukurasa, alitume vyuo vyote vitatu, na kila kimoja akiombe jina la mtu atakayemsimamia. Aweke majibu yao mezani mbele ya mjomba, pamoja na ile hesabu ya pauni. Kibanja cha bibi kisiuzwe. Na kama London hawajatoa ufadhili hadi tarehe ya mwisho ya kulipa amana, awaandikie kwa adabu kwamba haji.