Lipieni Maji Kwanza, Polishi Baadaye

Mikwaruzo ya magari yenu ndiyo inayonilisha. Karakana yangu iko Katindo, na kazi yangu ni kunyoosha bati lililobonyea, kupiga rangi na kung'arisha. Kwa hiyo nisemalo hapa linapunguza kilicho mfukoni mwangu mwenyewe: polishi nyingi tunayowauzia hapa Goma haihitajiki, na nyingine inaharibu. Kwa fedha hiyo mngelipia maji.

Mteja akifika hulisimamisha gari juani, akanionyesha boneti. "Fundi, tazama hizi duara. Nani kanisugulia hivi?" Mimi humwambia asogee hatua mbili kushoto. Duara nazo zinasogea, zinamfuata. Anashangaa. Ukweli ni kwamba mikwaruzo ile midogo imekwenda kila upande; jua linaimulika ile tu iliyolikingama, nayo machoni inajipanga kama mviringo. Hakuna aliyezungusha mkono. Kuna aliyeburuta mchanga.

Na mchanga wa Goma si mchanga wa kawaida. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Ilipopoa tuliisawazisha, tukajenga juu yake, mawe yake tukayafanya kuta na barabara. Tairi zinayasaga mawe hayo kila siku, upepo unainua ule unga mweusi na kuulaza juu ya magari yetu. Mlima wenyewe nao, pamoja na jirani yake Nyamulagira, hutumwagia majivu unapotaka. Majivu ya volkano si kama ya jikoni: ni chembe za kioo na mawe zenye ncha kali, ngumu kuliko rangi ya gari lolote. Anayepangusa vumbi hilo kwa kitambaa kikavu asubuhi ili aingie kazini na gari safi, amelipiga msasa.

Sasa pimeni kilichopo cha kupigwa msasa. Juu ya bati kuna rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, kisha vanishi isiyo na rangi. Katika magari mengi yaliyotoka kiwandani, vyote kwa pamoja ni kati ya mikroni 100 na 150, na vanishi peke yake ni kama 40 au 50. Unywele wa kichwani kwa kawaida ni mnene kuliko vanishi hiyo. Polishi haiponyi mkwaruzo. Inakula vanishi iliyouzunguka mpaka uso wote ushuke ulingane na chini ya mkwaruzo. Mng'ao mnaousifu ni vanishi iliyopungua, na iliyoondoka hairudi.

Magari yetu mengi yamepita mikononi mwa watu kabla hayajatufikia. Yametoka Japani, yakashushwa Mombasa au Dar es Salaam, yakaja hadi hapa yakiwa na usukani kulia, na njiani huenda yamesuguliwa ili yapendeze machoni mwa mnunuzi. Huku yanakutana na jua la karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa mita kama 1,500. Vanishi ndiyo inayoikinga rangi na jua hilo. Ikibaki nyembamba mno, baada ya muda paa na boneti huota mabaka meupe na kuanza kubanduka, na hapo hakuna polishi ya kusaidia. Inabaki kupiga rangi upya. Tena ziko Toyota nyeupe za zamani ambazo hazikupigwa vanishi kabisa. Ukisugua ukaona kitambaa kimekuwa cheupe, ujue unakula rangi yenyewe.

Mtu akiniuliza kama mkwaruzo wake utatoka, namwambia apitishe ukucha juu yake. Ukucha ukiteleza, mkwaruzo unaweza kutoka. Ukikwama, mkwaruzo umeshashuka mno: anayeahidi kuuondoa wote kwa mashine atakupeleka mpaka kwenye rangi ya msingi. Huo hupunguzwa makali, au hupakwa rangi kidogo mahali pake, kisha mtu anaishi nao.

Najua mnawalaumu nani. Vijana wanaoosha magari kando ya ziwa na kwenye kona za mitaa. Nawasikia mkiwafokea: "Petit, umeniharibia gari!" Lakini tazameni mnachowalipa na mnachowadai. Goma haina mto. Mvua ikinyesha, lava inaimeza. Maji yanapanda kutoka ziwani kwa pampu, na mtaa ambao mfereji umekauka unaletewa bidoni za lita 20 juu ya baiskeli au chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, na kila bidoni ina bei yake. Kijana akitumia bidoni nne kwa gari lako, ameoshea faida yake. Ndiyo maana anatumia moja, na kitambaa kimoja, kuanzia kwenye rimu zilizojaa matope hadi kwenye boneti. Na wewe umekaa pembeni na simu: "Fanya mbio, niko na safari."

Kazi nzuri haihitaji mashine. Kwanza maji matupu, mengi, toka paani kushuka, ili vumbi liondoke lenyewe kabla mkono haujagusa kitu. Kisha ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Tairi na rimu ziwe na kitambaa chake, na cha boneti kikianguka chini kisirudi kwenye gari. Sabuni ya unga ya kufulia iacheni kwenye nguo, maana inaondoa nta inayolinda vanishi. Mwisho gari likaushwe palepale.

Hilo la kukausha ni muhimu hapa kuliko miji mingine. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvichumvi nyingi za madini, yakikaukia juani yanaacha madoa meupe ambayo watu huniletea wakidhani ni rangi imekufa. Madoa mapya hutolewa kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha gari lisuuzwe vizuri. Mvua iliyopita katika moshi wa volkano ina asidi na huchimba vanishi ikikaukia juu yake, basi baada ya mvua hiyo mwagieni gari maji. Kinyesi cha ndege kiloweke kwanza kwa kitambaa kibichi, usikikwangue. Lami hutoka kwa mafuta ya taa kidogo, kisha sabuni. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotaka mashine yangu.

Wapo watakaoniuliza kama huu ni wakati wa kuzungumzia rangi za magari, mji ukiwa katika hali hii. Nami nawajibu kwamba benki zilipofunga milango baada ya vita vya Januari 2025, wateja wangu wengi akiba yao ilikuwa moja: gari. Ndilo linalobeba watoto na godoro siku ya kukimbia. Mei 2021, amri ya kuhama ilipotolewa baada ya Nyiragongo kulipuka, magari yalirudi kutoka Sake na Rutshuru yakiwa yamechubuliwa paa zima na kamba, masufuria na vitanda. Hiyo ni mikwaruzo niliyoiheshimu, nami niliishughulikia kwa moyo. Ile ya kitambaa kimoja tunajiletea wenyewe kila Jumamosi, tukiila akiba yetu kidogo kidogo.

Kwa wanunuzi nina neno moja. Gari linalometameta kupita umri wake lisikulevye. Washa taa ya simu, imulike boneti kwa ubavu, na umwombe fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi alipime paa. Muuzaji akikataa lipimwe, nenda kwa mwingine.

Na kwa wakuu wa mji nina ombi. Sabuni na oili za magari yanayooshwa ufukweni zinaingia katika maji ambayo akina mama wanayachota hatua chache kutoka hapo. Kuwafukuza vijana si dawa, watahamia ufuko mwingine. Wapeni viwanja mbali na ziwa, vyenye paa na tangi. Mvua ya hapa inapita milimita 1,000 kwa mwaka, na paa la mita za mraba 50 likipata mvua hiyo linapokea lita 50,000. Maji ya kwanza yamwagwe maana yamebeba majivu. Yanayofuata yataosha magari bila kuacha doa jeupe.

Lakini mwenye gari hana haja ya kumngoja meya. Bei ya polishi moja karakanani kwangu inalipa bidoni nyingi sana. Jumamosi hii mlipe kijana bidoni tatu za ziada na kitambaa cha pili, kisha mwache afanye kazi bila kumharakisha. Ukija kwangu kabla ya kufanya hivyo, nitakipima kilichobaki juu ya bati lako, nitakuonyesha namba, na kazi sitaifanya.