Sabuni Isifungiwe Ofisini



Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha nilimkagua mwanachuo aliyekuwa akifundisha Sayansi katika Darasa la Nne. Mada yake ilikuwa usafi wa mwili. Mezani aliweka chupa ya jemu yenye mdomo mpana, iliyojazwa sabuni ya maji, na katika kifuniko chake alikuwa amepachika pampu iliyotolewa katika chupa tupu ya mafuta ya kupaka. Ilikuwa zana nadhifu. Alibonyeza mara mbili, sabuni ikatoka, watoto wakapiga makofi. Nikampa alama za juu katika kipengele cha zana za kufundishia.

Kengele ya uji ilipolia, chupa ile ilirudishwa ofisini na kufungiwa kabatini. Watoto walipanga foleni, wakapokea uji kwa mikono iliyokuwa imetoka kupalilia bustani ya shule asubuhi ile. Hapo nilitambua kwamba mkosaji wa kwanza nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeipima zana kwa sura yake, wala sikuuliza itatumiwa na nani.

Maoni yangu, basi, ni haya: chombo cha sabuni kitengenezwe na wanafunzi wenyewe, kiwekwe mahali pa kunawia, na kitumike kila siku. Kisipotumika, ni pambo la kumfurahisha mkaguzi. Mwalimu Julius Nyerere, katika kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea cha Machi 1967, alilaumu elimu inayomtenga mwanafunzi na maisha ya jamii yake. Somo la usafi linaloishia kabatini ni mfano mdogo wa elimu hiyo.

Kukitengeneza chombo chenyewe si kazi ngumu. Chagua chupa ya kioo yenye kifuniko cha bati cha kuzungusha. Weka kifuniko juu ya kipande cha ubao, kisha utoboe kwa msumari na nyundo matundu yaliyokaribiana mpaka upate tundu moja linalotosha shingo ya pampu. Kingo za bati hukata. Kwa hiyo kazi hii uifanye wewe mwalimu, na uzilainishe kwa tupa au msasa kabla mtoto hajakigusa. Kata mrija wa pampu ili ukaribie kitako cha chupa bila kukibana. Kata pete ya mpira kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli, uizungushe shingoni mwa pampu ili isicheze. Mwisho, toboa kijitundu kimoja chembamba pembeni mwa kifuniko.

Kijitundu hicho ndicho somo lenyewe. Waache wanafunzi walizibe kwanza kwa nta ya mshumaa, wabonyeze mara nyingi, kisha walizibue na kulinganisha. Ukibonyeza pampu, sabuni iliyomo ndani yake husukumwa nje. Ukiiachia, springi huinua pistoni, na kanieneo ya hewa iliyomo chupani huisukuma sabuni nyingine ipande mrijani. Sabuni inapopungua, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Isipoingia, sabuni hupanda kwa shida na mwishowe huacha kupanda. Mtoto aliyeliona jambo hilo kwa macho yake hatahitaji kukariri maana ya kanieneo.

Hisabati nayo imo. Gramu 30 za sabuni ya unga zikikorogwa katika lita 1.5 za maji safi hupatikana maji ya sabuni yanayofaa kunawia mikono. Waulize Darasa la Tano: chupa ya mililita 500 itahitaji gramu ngapi? Watakaopata 10 waende wakapime na kukoroga. Kisha wahesabu pakiti moja itatosha siku ngapi kwa shule yao.

Najua pingamizi mtakazozikuta. La kwanza ni kwamba sabuni itaibwa. Ni kweli kwamba kipande cha sabuni hutoweka upesi, kwa kuwa kila nyumba ina haja nacho. Lakini maji ya sabuni yaliyozimuliwa hayana faida kubwa kwa mwizi, na chombo kilichotengenezwa na Darasa la Nne kina walinzi arobaini. Pingamizi la pili ni kwamba kioo huvunjika. Hilo ni la haki. Kwa madarasa ya chini tumieni chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko kwa msumari, itundikwe kwa kamba kando ya kibuyu chirizi, na mtoto aiminye. Chupa ya kioo ibaki kwa wakubwa, juu ya meza imara. Ya tatu ni muda. Darasa likigawanywa katika vikundi, na kila kikundi kikapewa zamu ya kujaza maji na sabuni, kazi hiyo humalizika kabla ya mstari wa asubuhi. Kumbukeni pia kuisuuza chupa na kuikausha kabla ya kuijaza upya, maana vijidudu huweza kuota katika chombo kinachoongezewa tu bila kuoshwa.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, ndoo za bomba na sabuni ziliwekwa kwenye milango ya shule nyingi. Baada ya hofu kupungua, nimeziona ndoo kadhaa zikiwa kavu, nyingine zimegeuzwa vyombo vya kuhifadhia chaki. Hofu huanzisha tabia, lakini haiwezi kuitunza. Kuhara hakukuja na korona wala hakukuondoka nayo, na bado huua watoto wadogo. Maji matupu hayatoshi, kwa sababu mafuta ya ngozi hushika uchafu na vijidudu. Sabuni huyang'oa mafuta hayo, maji yakapata kuyachukua.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, utakapoandika andalio la somo la usafi, usiishie kwenye safu ya zana. Andika pia chombo kitakaa wapi baada ya kipindi, nani atakijaza kesho, na wewe utakagua lini. Nami nimebadili namna yangu ya kukagua: sitoi alama za zana hiyo darasani. Nangoja kengele ya uji ilie, kisha nakwenda kusimama mahali pa kunawia.