WA KUZALIWA NI NANI?



Katika Unguja yetu maneno "wa kuzaliwa" yana maana mbili. Ya kwanza huuliza: umezaliwa wapi? Ya pili huuliza: umezaliwa na nani? Wanaoumia katikati ya maswali hayo ni watoto.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kwa maandishi yake, yafuata maana ya kwanza. Aliyezaliwa katika Jamhuri ya Muungano tangu tarehe 26 Aprili 1964 ni raia wa kuzaliwa, isipokuwa wachache, kama watoto wa wanadiplomasia wa kigeni. Lakini maofisa wamezoea kudai pia kwamba mzazi mmoja awe raia. Hivyo mjukuu wa Mmakonde aliyetoka Msumbiji kulima mashamba yetu huweza kuulizwa kwao ni wapi, naye hana kwao pengine ila Unguja.

Sheria ya Mzanzibari ya mwaka 1985 yazidi hapo. Mtanzania aliyezaliwa hapa baada ya Muungano ni Mzanzibari endapo baba au mama yake ni Mzanzibari. Basi mtoto aliyezaliwa Mnazi Mmoja na wazazi kutoka Tabora, akabatizwa Minara Miwili na kukulia Mji Mkongwe, ni raia wa kuzaliwa wa Tanzania, bali si Mzanzibari wa kuzaliwa. Wala hilo si jina tupu: kura ya Zanzibar ni haki ya Mzanzibari, na Katiba ya mwaka 1984 yataka Rais wa Zanzibar awe Mzanzibari wa kuzaliwa.

Hatuidharau hofu ya ndugu zetu. Visiwa ni vidogo, na madai ya wapiga kura wa kupandikizwa yametuletea ugomvi katika chaguzi nyingi. Lakini mtoto mchanga hakupandikizwa na chama chochote.

Tuwakumbuke Wapemba wa Kilifi na Kwale. Asili yao ni visiwa hivi, nao walizaliana Kenya kwa vizazi bila vitambulisho, hadi Serikali ya huko ilipowatambua mwaka 2023. Haki tunayoifurahia ng'ambo tutainyimaje nyumbani? Nabii Ezekieli (47:22) aliagiza kwamba wageni waliozaa watoto katikati ya Israeli wahesabiwe kama wazalia, na wapewe urithi pamoja na makabila.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Maofisa waisome Sheria ya Uraia kama ilivyoandikwa, bila nyongeza. Na Baraza la Wawakilishi lirekebishe sheria ya mwaka 1985, ili raia aliyezaliwa na kukulia hapa ahesabiwe wa hapa.

Nanyi viongozi wa jumuiya ndogondogo, msingoje sheria ibadilike. Cheti cha ubatizo hakitoshi. Hakikisheni kila mtoto ana cheti cha kuzaliwa. Mwenye kusumbuliwa msindikizeni kwa sheha, awe Mkristo au Mwislamu.