Chase Akikosea, Tunamwambia Nani?

Juzi nilikuwa napanda ngazi na mtoto wa dada yangu, miaka minne, kwa ploti wanayoishi. Mwenye ploti ameweka kamera juu ya mlango. Mtoi akasimama, akaipungia mkono. "Anko, Chase anatuona!" Alifurahi kweli.

Chase, kama nyumbani kwako hakuna mtoto, ni mbwa polisi wa PAW Patrol, katuni ya Kanada iliyoanza 2013. Bosi wake ni Ryder, mvulana wa miaka kumi mwenye mnara wa kuangalia mji mzima na magari ambayo kaunti zetu haziwezi kuota. Meya Goodway kazi yake ni kupiga simu na kubeba kuku. Yaani mji umekabidhi usalama wake kwa kundi la kibinafsi ambalo hakuna aliyelipigia kura, na hakuna Mkaguzi Mkuu wa kulichungulia. Kuna vipindi Chase anageuka jasusi kamili, na droni juu.

Mtasema ni katuni tu. Sawa. Mimi nilikulia Tom na Jerry na sijawahi kumpiga mtu na kikaango. Lakini Tom alikuwa anakosea kila siku, na utamu wote ulikuwa hapo: mkubwa anakosea, mdogo anajificha, sisi tunashangilia aliyejificha. Chase anateleza, anapiga chafya akikaribia paka, basi. Katika vipindi vyote nilivyolazimishwa kuangalia (ni vingi, manze) sijaona mtu akiuliza ile video ya droni inawekwa wapi, au kwa nini alifuatwa yeye. Hilo ndilo linanikera. Droni yenyewe ni chombo tu.

Na tusisingizie wageni pekee. Supa Team 4, ile ya Lusaka iliyotoka Netflix 2023, inaanza na wasichana wanne kuandikwa kazi na jasusi mstaafu. Naipenda sana. Bado ni jasusi.

Sisi hapa si wageni wa hii hadithi. Mwaka 2014 Safaricom ilipewa kandarasi ya serikali ya kuweka kamera za usalama Nairobi na Mombasa. Baada ya maandamano ya Juni 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu visa 82 vya utekaji kufikia mwisho wa mwaka. Kamera zilikuwa zinaangalia wapi?

Sisemi tuzime TV, dada angenifukuza. Ashanunua mnara wa plastiki, maana wenye katuni, Spin Master, ni kampuni ya vitu vya kuchezea. Jioni ile nilimuuliza mtoi: Chase akikosea, tunamwambia nani?

Akafikiria. "Ryder."

Na Ryder akikosea?

Akaniangalia kama mtu mjinga, akarudi kwa TV.