Masega ya Gari na Gharama Isiyoandikwa

MTUMISHI wa umma au mwalimu anayemiliki gari leo aghalabu hakulinunua jipya. Amelinunua kwa mkopo, likiwa limekwisha kutumika miaka kumi au zaidi huko Japani, na matengenezo yake huyalipia kwa mshahara uleule unaolipa ada za watoto na chakula cha nyumbani. Siku gari hilo linapopungua nguvu na taa ya injini kuwaka, hulipeleka gereji, na fundi humwambia kwamba masega yameziba. Hapo huwekewa njia mbili: anunue masega mapya kwa fedha ambazo hana, au ayatoe, apachikiwe bomba tupu, na juu ya hayo alipwe kiasi kidogo kwa yale ya zamani.

Wengi huchagua njia ya pili. Hatuwezi kuwashutumu kabla ya kulieleza jambo lenyewe, kwani mtu hawezi kukilinda kitu asichokijua kazi yake.

Masega ni kifaa kilichofungwa katika bomba la moshi, karibu na injini. Ndani yake mna kigae chenye vitundu vingi mno, mfano wa sega la nyuki, na kuta za vitundu hivyo zimepakwa utando mwembamba wa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa injini unapopita humo ukiwa na joto kali, madini hayo huigeuza hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi kuwa kaboni dioksaidi, huyaunguza mabaki ya petroli, na huzivunja hewa za naitrojeni zinazochoma mapafu. Kifaa hiki hakikuwekwa ili kumsumbua mwenye gari. Kimewekwa kwa ajili ya yule anayetembea nyuma ya gari.

Ughali wake unatokana na madini hayo. Sehemu kubwa ya platinamu na rodiamu ya dunia huchimbwa katika nchi moja tu, Afrika ya Kusini. Mwezi Machi 2021 bei ya rodiamu ilikaribia dola 30,000 kwa aunsi moja, ingawa baadaye ilishuka. Huko Marekani kubadilisha masega ya gari moja huweza kuzidi dola 1,000, na wezi wamekuwa wakiyakata chini ya magari yaliyoegeshwa. Basi msomaji ajiulize: ikiwa kitu hiki hakina faida, kama anavyoambiwa, mbona kuna watu wanaozunguka gereji hadi gereji wakikinunua? Mwenye gari hupewa fedha za matumizi ya siku chache, na madini yenyewe huenda kuwatajirisha wengine.

Zipo hoja mbili zinazotolewa kutetea desturi hii. Ya kwanza ni kwamba gari lisilo na masega huwa na nguvu zaidi. Ni kweli kwamba masega yaliyoziba huibana injini. Lakini yaliyo mazima hayaipunguzii nguvu kiasi cha kutambulika katika safari za kawaida. Hoja ya pili ni kwamba masega ya gari kuukuu hufa tu kwa uzee. Hii nayo ni nusu ya ukweli. Mara nyingi masega huuawa na ugonjwa wa injini. Plagi au koili iliyochoka huacha petroli isiyoungua ikapita hadi kwenye masega, ikawaka humo na kuyayeyusha. Injini inayokula oili huyapaka masizi hadi yakashindwa kazi. Kwa hiyo anayetoa masega bila kutibu injini ameondoa dalili na kuuacha ugonjwa. Na anayenunua masega mapya bila kutibu injini atayanunua tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta: plagi ndiyo ufa, na masega ndiyo ukuta.

Kwa sababu hiyo tunamshauri mwenye gari asikubali hukumu ya haraka. Amtake fundi apime kwanza injini, akague plagi, koili na vihisi vya oksijeni, kwani taa ya injini huweza kuwashwa na kihisi kibovu hali masega ni mazima. Ikithibitika kwamba yamekufa, yapo masega yasiyo ya kiwanda kilichounda gari, ambayo bei yake ni nafuu. Aghalabu madini yake ni machache na maisha yake ni mafupi, lakini ni bora kuliko bomba tupu.

Hata hivyo, si haki kumtwika mzigo wote mtu wa mshahara mdogo. Mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa taarifa iliyoonyesha kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani, na takriban asilimia 40 yalikuja Afrika. Baadhi ya magari yaletwayo Afrika hufika masega yakiwa yamekwisha kung'olewa. Mnunuzi wa namna hiyo ameuziwa gari pungufu, tena kwa bei ya gari kamili.

Bara letu limekwisha kuonyesha kwamba mambo haya yanawezekana. Mwaka 2001, mjini Dakar, nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliazimia kuiondoa petroli yenye risasi, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 azimio hilo lilikuwa limetekelezwa karibu kote. Risasi hiyo ilikuwa ikiwadhuru watoto na pia kuyaua masega. Itakuwa ajabu kubwa kama, baada ya kuisafisha petroli ili masega yafanye kazi, tutayang'oa kwa mikono yetu wenyewe.

Tunaona hatua tatu zinafaa. Kwanza, ukaguzi wa magari yaingiayo nchini uangalie kama masega yamo, na gari lisilo nayo arudishiwe muuzaji. Pili, biashara ya masega yaliyotumika iandikishwe, ijulikane nani anauza na nani ananunua, sawasawa na vyuma chakavu vingine. Tatu, magari ya Serikali yawe mfano, kwa maana haitapendeza kumkemea mwalimu kwa bomba tupu wakati gari la ofisi linafuka moshi mbele yake.

Watoto wa shule hutembea kandokando ya barabara, na vichwa vyao viko karibu na kimo cha bomba la moshi. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, hivyo hawataiona wala kuikimbia. Fedha anayoiokoa mwenye gari hailipotezi deni, bali hulihamishia katika vifua vya watoto hao. Kabla ya kumwambia fundi "toa," kila mwenye gari alikumbuke hilo.